Chumvi Uliyoificha Kabatini

Mama,

Ni mimi, Patro wako. Usishtuke, mwandiko ni wangu, sijaandikiwa na mtu. Najua uliondoka ukiamini kwamba mimi na kalamu tuliachana kidato cha pili, lakini nilikuambia siku zote, shule iliniacha njiani, dunia ikanimalizia masomo. Nani mwingine hapa mtaani Umoja anaweza kuomba maji ya kunywa kwa Kiarabu, akatukana kwa lugha ya Wafilipino na akahesabu hadi kumi kwa Kinepali? Hapo ungenijibu, "Na Kiluhya cha mama yako kimekushinda." Sawa. Hiyo nakupa.

Huku tuko. Maji bado yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Jirani wa nyuma ameongeza ghorofa nyingine, sasa jua linafika kwenye kamba yetu ya nguo likiwa limeshachoka. Kwaya imepata mtu wa kushika sauti yako. Anajaribu. Sitasema zaidi, yeye yuko kanisani na wewe uko huko juu, nisiwagombanishe. Kaburi lako nyumbani kijijini limeota nyasi nzuri, na mjomba amelizungushia miti midogo ili ng'ombe wa watu wasije kukukanyaga.

Lakini sikuandika kwa sababu ya ng'ombe. Nimeandika kwa sababu ya chumba cha nyuma.

Kile chumba ulichokuwa ukipokelea wageni wa ng'ambo, wale waliokuwa wakitumwa na mwalimu wa Kiswahili wa mjini, waishi na familia kidogo kabla hawajaanza kazi zao hapa Kenya. Mjapani wa kujenga barabara alilala humo. Yule dada wa Brazili aliyelia alipoona omena, dagaa wetu wa ziwani, zikimwangalia kutoka kwenye sahani, alilala humo. Wote walikuja wakiogopa hata kivuli cha geti, na wote waliondoka wakikuita Mama, wengine wakirudi Krismasi na keki. Sasa ulipotutoka, mwalimu alipiga simu akiuliza kama bado tunapokea. Rosa akasema hapana. Unamjua dada yangu, akishasema ni kama amepiga muhuri. "Patro, ile kazi ilikuwa ya Mama, haikuwa ya nyumba. Mama hayuko. Nataka kuweka cherehani zangu humo."

Nikamwambia, nipe mgeni mmoja. Mmoja tu. Nikishindwa, chukua chumba.

Akaja Danuta. Mwanamke wa makamo, kutoka Polandi, mrefu kama nguzo ya stima, kazi yake ni kupima maji ya visima kama ni salama. Anakuja kukaa miaka, si utalii. Mume hayuko tena, mtoto wake ni mkubwa, na Kiswahili chake ni kile cha kitabuni. Alimwambia mwenye bodaboda, "Ewe ndugu, naomba radhi," na jamaa akadhani anahubiriwa.

Mama, nilimpokea kifalme! Wewe unanijua, nikiamua kukirimu mtu hata hoteli za nyota tano zinafunga. Kuku kila siku, mpaka majogoo wa mtaa wakawa wakiniona wanahama. Maji ya chupa. Godoro jipya. Akisimama nasimama. Akitaka kitu dukani nimeshakileta, na si duka la hapa mtaani, supermaketi kabisa. Watoto wakimwimbia hawayu, ile salamu yao ya Kizungu, nawafukuza. Nikampeleka Naivasha akaona viboko, nikampeleka mbugani akaona twiga, nikamweleza yote, hata ambayo siyajui. Nikawa nasema moyoni, Mama alikuwa mzuri lakini hakutembea dunia. Mimi nimekaa Doha kwa Waarabu. Mimi najua mtu wa ng'ambo anataka nini.

Alhamisi iliyopita akanikalisha chini kwa upole na kuniambia anahama Jumamosi. Wenzake wa kazini wamempatia nyumba upande ule wa miti mingi, ina mlinzi na bwawa la kuogelea.

Nikauliza, kwani kuku hakuiva?

Akacheka. Kisha akaonyesha kabati la sebuleni, kwenye glasi zako za wageni, zile ulizokuwa ukitukataza hata kuzipumulia. Akasema, "Patro, mimi hapa ni kama glasi zile. Nzuri. Safi. Hakuna mtu anatumia."

Mimi niliyekaa Doha, Mama, naambiwa hivyo. Mimi! Rosa alikuwa mlangoni, akasikia yote, na mchana huohuo nikamwona ameingia chumba cha nyuma na futi ya kupimia, anapima ukuta wa cherehani. Hakunicheka. Ningependa angenicheka.

Nikaingia jikoni nijitafutie shughuli. Nikaanza kutoa vitu nilivyokuwa nimemnunulia mgeni kwenye lile kabati la chini, ambalo tangu ulipoondoka nilikuwa nasukumia vitu mbele tu, nyuma sijui kuna nini. Nyuma kulikuwa na chumvi. Paketi juu ya paketi, zimepangwa kama matofali, hazijafunguliwa hata moja. Nyingine zimeganda zikawa mawe, unaweza kumpiga nazo mwizi. Nikasema huyu mwanamke alikuwa anajiandaa kwa vita gani? Nikakumbuka kwamba chumvi ya kupikia ulikuwa ukiitoa kwenye kopo lile la buluu, na kopo halikuwahi kuisha. Sasa hii nyingine ilikuwa ya nini?

Nikatoka kwenda kwa Baba Shiro. Na hapa nitakuambia kitu kwa sababu huwezi kuniangalia usoni. Tangu tukuzike sikuwa nimekanyaga duka lake. Nilikuwa napita mtaani na vidude vya masikio, bila wimbo wowote ndani. Sikutaka mtu aniambie pole. Ningeambiwa pole ningelia, na Patro mzima wa Doha alie barabarani mbele ya wauza mandazi? Kwa hivyo tukawa tunafunga mlango mapema, mimi na Rosa, na watu wakabaki na pole zao.

Baba Shiro aliponiona akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Aii, balozi! Leo umepotea njia?"

Nikamuuliza, "Mzee, Mama alikuwa na ugonjwa gani wa chumvi?"

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Patro, kumbe wewe uliishi kwenye hiyo nyumba ukiwa mpangaji?"

Akanieleza. Kwamba kila ulipopata mgeni ulikuwa ukija dukani asubuhi kabla mtu hajaamka, leso kiunoni, unamwambia, "Leo namtuma wangu. Usimhudumie haraka." Mgeni akija kuuliza chumvi, Baba Shiro amuulize kwao ni wapi, mama yake anaitwa nani, kwao wanapanda nini. Wakimaliza hayo amwambie chumvi imeisha, ajaribu kwa Mama Atieno. Mama Atieno! Mama Atieno anauza mboga, hajauza chumvi tangu azaliwe. Kazi yake ilikuwa kumkalisha mgeni kwenye kigoda, ampe kisu na sukuma akate, amwulize tena mama yake anaitwa nani, kisha amrudishe. "Rudi kwa huyo mzee, anasahau sana, chumvi anayo." Na wewe wakati huo uko nyumbani unafua, kopo la buluu limejaa pomoni.

Mama, wewe ulikuwa mwongo. Na kila Jumapili uko mbele na sare ya kwaya!

Nikacheka na Baba Shiro. Halafu akaniangalia juu ya miwani. "Hata wewe ulitumwa, balozi. Ulipotoka Doha."



Nikakumbuka. Mkataba ulikuwa umeisha, nikarudi, nikawa nakaa ndani pazia limefungwa, nikilalamikia Nairobi kama vile mimi ndiye niliyezaliwa Doha. Wiki zikaenda. Asubuhi moja ukaja na kumwaga mwanga ndani. "Patro, chumvi imeisha." Nikakasirika. Nilikuambia, mtu anatoka ng'ambo unamtuma chumvi kama mtoto? Ukasema, "Mtoto angekuwa amesharudi." Nikaenda nikiburuta ndara. Na Baba Shiro akaniambia imeisha. Na Mama Atieno akanivutia kigoda. Nilirudi saa ya chakula nikijua nani ameoa, nani amefariki nikiwa mbali, mabomba ya nani yamepasuka, na jamaa gani wa Kariobangi anatafuta dereva wa pikapu. Kazi hiyo ndiyo ninayofanya hadi leo. Miaka yote hii nimekuwa nikihadithia watu kwamba niliipata kwa ujanja wangu.

Basi na mimi nikuambie ya Doha, maana nilikudanganya kwa upana. Nilisema nimeona dunia. Tulikuwa kambini, chumba kimoja na Wanepali, Wafilipino na Mganda mmoja. Basi la kampuni lilitutoa mlangoni na kuturudisha mlangoni. Dunia niliyoona ilikuwa ya dirishani. Chakula kilikuwepo, godoro lilikuwepo, maji ya chupa yalikuwepo. Hakuna aliyewahi kunituma kitu. Ningekufa kule, hakuna muuza duka angejua jina la mama yangu. Na Danuta nimempa hiyohiyo, Mama. Nimempa Doha, na kuku juu yake.

Nikamwambia Baba Shiro, "Kesho namtuma wangu." Nilipofika kwenye neno hilo la mwisho nikageukia barabara. Mzee akajifanya anapanga mikate.

Ijumaa asubuhi, Danuta alikuwa anakunja nguo zake. Nikasimama mlangoni nikavaa uso wako ule wa kanisani. "Danuta, chumvi imeisha." Akaniangalia kana kwamba nimemwambia nyumba inaungua. Akaangalia nyuma yangu kuona kama nimeshavaa viatu kumpeleka. Nikamwambia, "Duka la Baba Shiro, kona ya pili. Mimi nina kazi." Akaenda.

Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya geti nikiwa nimelishika kwa mikono miwili kama mfungwa. Nilifungua nimfuate, nikafunga. Nilifungua tena. Rosa akanishika shati. "Kaa chini wewe, ni chumvi, si vita." Lakini naye akaja kusimama. Sufuria ya maharagwe ikachemka mpaka ikakauka na hakuna aliyeijali. Nikaanza kuwaza, amegongwa na pikipiki, ameibiwa, amepotea huko Kayole, balozi wa Polandi atanitafuta.

Akatokea kwenye kona anatembea polepole, amebeba rundo la sukuma, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, na chumvi ameikumbatia kifuani kama ameivukia mto.

"Goti la Baba Shiro linamuuma," akasema, kabla hata hajaingia. "Binti wa Mama Atieno atamalizia nywele jioni. Na Patro, Mama Atieno hauzi chumvi. Kwa nini wananituma kule?"

Rosa akaangalia pembeni.

Kisha Danuta akashusha sauti. "Watu wote wananiambia pole. Mzee, mama, hata mtu wa maji na mkokoteni wake. Pole na Mama, pole na Mama. Mimi sijui niseme nini. Nikajibu, asante, tumeshukuru. Wakauliza waje lini kuwaona. Nikasema waje leo jioni. Ni vibaya?"

Mama, nilisimama pale getini na machozi yakaniteremka, mchana kweupe, wauza mandazi wakiniangalia. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliniletea mandazi.

Walikuja. Baba Shiro na goti lake, Mama Atieno, kwaya, hata wale usiowapenda. Tuliomba, tukaimba ule wimbo wako, na yule wa sauti yako, nimsifu tu, alijikakamua. Watu wakasema mambo yako ambayo hatukuyajua. Chai ilipoiva, vikombe vikapungua. Rosa akasimama, akafungua kabati la sebuleni, akatoa zile glasi. Zote. Danuta akazipitisha kwa watu nywele zikiwa zimesimama upande mmoja, na bado hazikutosha. Moja ilivunjika. Nisamehe, lakini ingekuwa wewe ungesema afadhali imevunjika ikifanya kazi.

Jumamosi ilifika ikapita. Danuta aliamka akafua akaanika, begi likarudi juu ya kabati. Rosa ameweka cherehani sebuleni, sasa tukitaka kutazama taarifa ya habari tunainama. Na mwalimu nimempigia mwenyewe, nikamwambia bado tunapokea.

Ile paketi ya Danuta nimeiweka nyuma, juu ya zile walizokuletea wageni wako. Yangu sijui ni ipi, nadhani ni mojawapo ya zile zilizoganda. Sitaitupa. Na nakuahidi, atakayekuja, awe wa Polandi, awe wa Doha, awe wa Busia tu hapo, nitaamka mapema niende kwa Baba Shiro, kisha nirudi nimwambie chumvi imeisha, nikimkazia macho bila kupepesa, kama ulivyonikazia mimi.

Basi pumzika, Mama. Na huko ulikofika ukiwa mgeni, kama asubuhi ya kwanza walikutuma kitu, natumaini uliowakuta njiani walikuchelewesha vizuri, na walikuuliza watoto wako wanaitwa nani.

Wako,
Patro