Vali ya Kutolea Shinikizo

Parkdale, Toronto

Mjukuu na mume wangu mdogo, Baraka,

Barua yako imefika, na babu yako ameona wivu. Magoti yake yamepata nafuu. Shangazi yako amehamia Markham.

Unauliza kama uache kutafsiri maneno ya ufundi kwa Kiswahili, kwa kuwa wenzako chuoni wanakucheka. Nilipofika huku nilikuwa msafishaji wa jengo letu, nikautaka ufundi wa boila inayolipasha joto. Mtihani wa kwanza wa cheti nilianguka. Maneno ya Kiingereza yalikuja kwa msururu, kama "pressure relief valve", na kifaa chenyewe kikitajwa mwishoni kabisa.

Jirani yangu Halina, Muukraine, naye alisomea cheti hicho. Siku moja alinichorea vali inayoachia mvuke ukizidi.

"Kwetu hii ni klapan skydannia tysku," akasema. "Klapan ni vali, skydannia ni kutoa, tysku ni shinikizo."

"Kumbe kama kwetu! Vali ya kutolea shinikizo."

"Si kila mara. Neno la sifa sisi hulitanguliza. Lakini kwanza jiulize: hiki ni kitu gani? Kisha: ni cha kazi gani?"

Miezi mitatu tuliyapanga maneno hivyo mezani kwangu, kila mtu kwa lugha yake.

Kwenye mtihani wa pili, msimamizi aliinamia karatasi yangu ya rasimu. "Lugha gani hii?"

"Kiswahili," nikamjibu. "Majibu yamo humo."

Nilifaulu, na Halina pia. Boila ya jengo letu niliiendesha hadi nikastaafu.

Endelea, mume wangu. Nitumie orodha yako yote niisome. Nimenunua miwani mipya.

Bibi yako,
Mwanaidi