Hodi ya Handakini

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limeandikwa katika jalada, mtaani huitwa Redio. Umri: miaka 43. Kazi: kutembeza wageni. Makazi: nyuma ya soko kuu, ghorofani kwa fundi saa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa tatu asubuhi, nilipokea wageni tisa kwenye lango la ngome. Kati yao alikuwamo mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, pamoja na mwanawe wa kiume. Mama yule alikuwa mcheshi. Aliniambia, "Mwanangu, miguu imegoma, lakini macho bado yanataka kuona." Nilimpenda hapo hapo.

Tulizunguka ukuta wa kale, tukaonja mkate wa moto kwa mwokaji. Saa tano na nusu tuliteremka handakini, walikofungwa watu zamani. Mwanawe alitangulia mkahawani kutushikia meza. Aliniambia, "Kaka, mama nakuachia." Nikamjibu, "Ondoa shaka, mimi nipo."

Afande, hapa naomba nieleze. Sisi tuna mchezo wetu. Shemeji yangu, mkata tiketi, hujificha humo ndani. Nikishafunga mlango wa chuma, yeye hugonga. Wageni hushtuka, halafu hucheka, naye hutokea mlango wa nyuma ambao ufunguo anao mwenyewe. Ni mwaka wa sita huu.

Siku ile nilizima taa, nikafunga. Sikuhesabu watu. Mlango ukagongwa. Nikasema, "Wenyeji hao, wanatuaga!" Watu wakacheka, mmoja akapiga picha. Ukagongwa tena, kwa nguvu. Nikawaza, leo shemeji kala nini? Nikawapeleka kula.

Tulifika mkahawani saa sita kasoro dakika tano. Shemeji alikuwa ameketi pale, mdomo umejaa samaki. Nikamuuliza, "Umetutanguliaje?" Akasema, "Leo sijashuka kabisa. Si nilikutumia ujumbe?" Simu nilikuwa nimeizima. Hapo yule kijana, mwana wa mama, akauliza, "Mama yuko wapi?" Loo! Nikachomoa ufunguo mfukoni.

Tulikimbia. Nilifungua saa sita na dakika kumi, na mama, aliyekuwa ameegemea mlango, akatuangukia miguuni, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa ameshafariki. Mtandio wake tuliukuta kwenye benchi la chumba cha ndani, alikokaa kupumzisha miguu. Dawa yake ya pumu ilikuwa katika mkoba aliobebewa na mwanawe.

Kijana aliniuliza kama nilisikia chochote. Nilisema, "Hapana, sikusikia." Nilimdanganya. Nilimsikia vizuri kabisa. Tangu jana sili, silali, na mtu akigonga mlango nakimbilia kufungua. Naomba umsomee wewe haya, afande. Mimi sina uso wa kumtazama.

Hayo ndiyo niliyonayo, nimeyasema kwa hiari yangu bila kushurutishwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Saa kumi jioni nilimsomea mtoto wa marehemu. Aliuliza swali moja tu: mama yake aligonga mara ngapi. Nilimwita shahidi. Alijibu kwamba hakuhesabu, kwa sababu watu walikuwa wakicheka.