Bei ya Kwenye Kioo

Kaka yangu mpendwa,

Karakana yako ilikwenda Ijumaa iliyopita, saa sita mchana, na zile milioni saba ulizotanguliza kama arubuni zikaifuata. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Salamu zikitangulia, nitajificha ndani yake nisitoke tena.

Sasa nakusalimu. Mgongo unaendeleaje? Nimesikia kwamba mashine ya kukerezea vyuma mmeitoa nje kwa mikono, wewe na mafundi wako wawili, na daktari alishakukataza kunyanyua kitu kizito kuliko gazeti. Watoto wamepona mafua? Huku kwangu tu wazima. Shemeji yako anakusalimu sana, bado anakula kama mtu anayelipwa kwa sahani. Nami mwili ni mzima. Kilicho kigonjwa ni kingine, na ndicho kilichonikalisha kuandika.

Ningekupigia simu, lakini kwa simu ungesema “yameisha, mdogo wangu” kabla sijafika katikati, nami ningelipokea neno hilo kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi, nikafunga mkono na kuondoka. Barua haikatizwi.

Wifi alinipigia Ijumaa ile ile jioni. Hakunisalimu. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba nguo yenyewe mmeifua na kuipiga pasi ninyi wenyewe. Alisema muda wote huu nilikuwa nalikalia makusudi gari lako ulilonipa nikuuzie, mpaka ukwame, nilinunue mimi kwa bei ya vyuma chakavu. Akauliza ni muuzaji gani anayekaa na gari la milioni tisini kuanzia mwezi wa pili hadi wa tisa asipate hata mjinga mmoja. Nikamjibu kwa ukali kwamba biashara hii niliianza na ndoo moja na kitambaa, nikiosha magari ya watu kwenye geti ambalo leo ni langu, na kwamba sijapata kumlalia ndugu yangu kwenye bei. Akaniambia ndoo yangu anaijua, nimemsimulia mara mia, nimwondolee hiyo ndoo. Akakata simu.

Bado nimeudhika, Kaka, na mwambie hivyo. Sikulitaka gari lako kwa bei ya chini, hata siku moja. Wifi amekosea upande tu.

Ngoja nikueleze habari ya bei, maana miaka yote hii unanitengenezea injini za magari ya kuuza na sijawahi kukueleza. Kuna bei ya kwenye kioo na kuna bei ya soko. Bei ya kwenye kioo ni ile karatasi tunayobandika mbele ya gari. Kuiandika hakugharimu kitu, kalamu haitozwi ushuru. Bei ya soko ni ile ambayo mtu mwenye akili zake ameitoa mfukoni kwa gari kama hilo, akaondoka nalo. Kati ya hizo mbili ndipo tunapokula sisi.

Kwa magari ya kawaida pengo ni dogo, kwa sababu kila mtu anajua bei. Kwa magari kama lako, ya michezo, ya viti viwili, yaliyotengenezwa machache na kugombewa na wakusanyaji, pengo ni bonde. Katika miaka miwili niliyafuatilia matatu ya aina hiyo hiyo. La kwanza liliandikwa themanini likaondoka kwa hamsini na tatu. La pili liliandikwa sabini na tano likaondoka kwa hamsini na sita. La tatu lilikuwa na rangi yake ya kiwandani, haijaguswa. Liliandikwa tisini na tano, likaenda kwa sitini na tatu. Lako lina injini yake ya kuzaliwa, na namba za injini na za bodi zinapatana kama maharusi kwenye picha. Lakini ulilipaka kijani upya, na wakusanyaji wanachukia rangi mpya kuliko wanavyochukia kutu. Kwa hiyo lako ni hamsini na tano. Nililijua hilo siku uliyolileta, kabla hujazima injini.

Nawe uliniuliza. Ulisimama pale ofisini, funguo mkononi, ukaniuliza kwa upole lina thamani gani hasa lile gari uliloachiwa na yule mhandisi badala ya deni lake la pampu, ukalifufua kwa miaka tisa kipande baada ya kipande. Nikakujibu tuliandikie tisini tuone upepo. Hilo halikuwa jibu la swali lako, na nilijua hivyo wakati linatoka mdomoni. Wewe ulilipokea kama jibu. Uliipiga picha karatasi ya kwenye kioo ukaenda kumwonyesha mwenye jengo ulilopanga, aliyekuwa anaiuza karakana kwa sitini. Akasema mwenye gari la tisini hana shida, atangulize saba, hamsini na tatu zilizobaki zifike mwisho wa mwezi wa tisa, na zisipofika arubuni ni yake. Ukarudi kunisimulia huku unacheka. Ulisema zitabaki thelathini na saba, umnunulie Wifi friji ambayo mlango wake haufungwi kwa kamba. Nikacheka nawe, Kaka. Pale ndipo nilipopaswa kukuketisha chini, na badala yake nilikuagizia soda.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya mwezi wa sita mlipokuja dukani wewe na Wifi? Mlimkuta mzee mmoja analizunguka gari. Hakuwa mnunuzi, alikuwa anamsubiri mkewe saluni. Ulimshika bega ukamweleza jinsi ulivyokikereza kile kipande cha usukani mara nne mpaka kikakaa, ukafuta kioo kwa mkono wa shati lako la kutokea. Mzee akauliza kama unaweza kupunguza. Ukamwambia hilo amuulize mdogo wako, ndiye mwenye soko, yeye hatupi mali ya watu. Kisha ukanigeukia ukasema nisishuke hata senti, unaniamini. Nadhani Wifi ndiye pekee aliyeniangalia usoni siku ile.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshamkataa mnunuzi wako.

Alikuwa daktari wa meno, mtu wa maswali mafupi. Alilala chali sakafuni na shati lake jeupe ili aangalie tumbo la gari. Akakiona kipande chako cha usukani, akasema aliyechonga kitu hiki angefaa kutengeneza meno ya bandia. Alipoinuka aliitazama karatasi ya kwenye kioo, akaniuliza kama milioni tisini ni za gari peke yake au linakuja na nyumba ya kuliegesha. Tukacheka. Halafu akatoa hamsini na nne, taslimu, siku ile ile.

Ulikuwa umebakiza hamsini na tatu. Zingelipa karakana yote, na moja ingebaki.

Nilimwambia hapana. Sikukupigia simu, sikumwomba namba ya kumrudia, nilimfungulia mlango akatoka. Na si kwamba nilikuwa napigania bei yako, kama unavyowaambia majirani. Sababu ni hii.

Sisi wa biashara hii tuna kitu tunachokiita mnara. Ni gari zuri, la sifa, linaloandikwa bei isiyolipika na kuegeshwa katikati ya duka. Haliko pale liuzwe. Liko pale ili yaliyo kando yake yaonekane nafuu, kama mtu mrefu anavyofupika akisimama chini ya mnara. Mwezi ule ulipolileta gari nilikuwa na magari yangu mawili ya michezo, la fedha na la bluu, yote ya mkopo wa benki, na riba ilikuwa inanila. Nililiegesha lako katikati yao. Si kwa sababu kulikuwa na nafasi.

La fedha lilikuwa la hamsini kwa bei ya soko. Kando ya tisini yako liliondoka mwezi wa nne kwa sitini na moja, na mnunuzi alinishukuru. Yule daktari alipokuja mwezi wa tano, la bluu lilikuwa bado limekaa. Nikajiambia kwamba nikiliuza la Kaka leo, la bluu litabaki uchi. Acha kwanza la bluu litoke, kisha nimtafute daktari, wateja hawaishi. La bluu lilitoka mwezi wa saba kwa hamsini na tano, gari la arobaini na saba. Siku ile ile nikaanza kumtafuta daktari, nikampata kupitia fundi wake. Alishanunua kwingine. Alinijibu kwa adabu kwamba bei yangu ilimfundisha subira.

Ndipo nikashusha karatasi yako hadi sitini. Lakini mji mzima ulikuwa umeshaiona tisini. Walipoona sitini hawakuona nafuu, waliona ugonjwa. Kila aliyeingia aliuliza lilipinduka lini. Unakumbuka nilikwambia mwezi wa nane kwamba soko limelala? Soko lilikuwa macho, Kaka. Nililolaza mimi ni gari lako.

Nimeyapima haya kwa kila upande ili nione kama kuna hesabu inayonitoa, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi ninayoiweza. Haipo. Kwenye la fedha nilizidisha kumi na moja, kwenye la bluu nane. Kumi na tisa hizo ni kodi ya kusimamisha mnara wako, ambayo sikuwahi kukulipa wala kukuambia inadaiwa. Jumlisha na saba za arubuni. Ishirini na sita zimeingia kwenye akaunti yako leo asubuhi. Usinirudishie na usinishukuru. Hazisubiri msamaha wako wala hazikuja kuuomba.

Najua haziirudishi karakana. Jumatatu nilikwenda kwa aliyeinunua, mwenye ghala la mbao. Nilimkuta anapima ukuta wako kwa utepe, pale ulipokuwa unatundika spana. Nikamuuliza kama anaweza kuiuza. Akaniambia themanini na tano, bila kupepesa macho, siku ya tatu tu baada ya kuilipia sitini. Nikamwambia hiyo si bei. Akacheka, akasema yeye amesikia mimi ni muuza magari, basi nisijifanye mgeni.

Lakini nilipokuwa natoka niliona mtaa wa nyuma pana banda la bati lenye sakafu ya zege na umeme wa nguvu. Nimeuliza kwa majirani watatu wanalipa kodi kiasi gani, kwa hiyo bei yake ya kweli ninayo, nitakutumia ukitaka. Kwa hizo ishirini na sita na za gari unaweza kuanza. Si lako, ni la kupanga, lakini mashine haziwezi kulala nje.

Gari bado liko hapa, na karatasi nimeibandua. Kuna mama mmoja mwenye hoteli amelijaribu mara mbili na ametoa arobaini na saba. Ni chini ya haki yake kwa nane, na nane hizo nimezipoteza mimi. Ofa yake inakwisha Ijumaa.

Ng'ambo ya barabara kuna muuzaji mwingine wa magari ya aina hii, tunamwita Kipara. Tumegombea wateja miaka kumi na hatusalimiani, ila kwa jambo hili moja sina la kumsema. Akiambiwa bei ya soko huandika bei ya soko, na huenda akafika hamsini akipewa muda. Ukitaka alichukue yeye, nitaliendesha mimi mwenyewe, mchana, nivuke barabara nalo mbele ya mafundi wangu na wake. Kila mtu katika biashara hii ataelewa maana ya muuzaji kupeleka gari la kaka yake kwa mshindani, na hawatahitaji kusimuliwa. Nitaliendesha hivyo hivyo.

Msomee Wifi barua hii, usiruke sehemu. Mwambie alikuwa na haki ya kukasirika, na kwamba nitakuja kumwambia mwenyewe siku atakayokubali kunifungulia. Wabusu watoto. Shangazi yao amewakumbuka.

Sasa nijibu, Kaka, na usinijibu kwa upole wako. Sitaki “tutaona”, sitaki “fanya unavyoona wewe”, nimeshafanya ninavyoona mimi mwaka mzima. Niliuze mimi kwa arobaini na saba, au nivuke barabara? Nitumie neno moja, “uza” au “vuka”, kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Funguo ziko mfukoni mwangu.

Mdogo wako,
Bi Hesabu