Ufunguo Wako Hauwashi Tena

Baba Neema,

Gari limewaka. Nilitaka ulisikie kwangu kabla ya mtu mwingine, ingawa najua naongea na udongo.

Siku ya kuanua matanga wazee waligawa vitu vyako, kama ilivyo desturi. Suti, baiskeli, panga. Ufunguo wa gari wakampa mdogo wako wa Lupiro. Akasema mbele ya watu, "Gari likae kwa shemeji, ufunguo nitautunza mimi." Wakaitikia, mimi nimeinamisha kichwa ndani ya khanga. Nilibaki na ule wa akiba usio na chipu ya kuruhusu injini iwake, unaofungua mlango tu. Unakumbuka ulivyonitania nao? "Bosi wa mlango." Ndivyo nilivyokuwa kweli: nafungua, nakaa kwenye kiti chako, nanusa jasho lako, nafunga. Ndizi za kuuza nikawa nazifuata Sanje kwa bodaboda, nyingine zinafika zimepondeka, na biashara ndiyo hiyo hiyo inayotulisha.

Masika maji yakaingia hapa Viwanja Sitini mpaka kwenye viti vya gari. Kontroli boksi, ule ubongo wa injini, ikafa. Shemeji alikuja, akajaribu, likagoma, akaniambia niliuze chuma chakavu. Ila ufunguo akaondoka nao.

Sikuuza. Fundi alikausha nyaya, akanitafutia kontroli ya mtumba yenye namba ileile ya kwetu, ikaja pamoja na ufunguo wake. Nikauliza kama ulivyokuwa ukiuliza wewe kwa kila spea: huko ilikotoka, mwenye gari alipona ajali? Alipona. Fundi akahamishia chipu yake kwenye ufunguo wangu wa mlango, maana kontroli hii haitambui chipu nyingine yoyote. Gari likawaka. Neema akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike.

Habari zikavuka mto hadi Lupiro. Jana shemeji akaja, hata maji hakunywa, akaingia garini na ufunguo wako. Akauzungusha. Starta ikalia, injini ikakataa. Akarudia. Akarudia tena. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja, Baba Neema, nikidhani nitafurahi. Lakini nikauona ule uzi mwekundu aliokusukia Neema ukining'inia kwenye ufunguo, na gari lako mwenyewe halikujui tena. Nililia nimeshikilia mlango.

Shemeji akashuka, naye macho yamejaa. Akasema, "Kumbe kaka ameondoka kweli." Akaniwekea ufunguo mkononi, akaenda zake bila kuaga.

Nimeutundika kwenye msumari wako, pale pale ulipokuwa ukiutundika. Nakuahidi hautagawiwa mtu tena. Na Neema akikua nitamfundisha kuendesha, kama ulivyotaka kunifundisha mimi ukachelewa, nikafundishwa na fundi.

Lala, mume wangu. Kesho natoka mapema na gari kufuata ndizi.

Mkeo,
bosi wa mlango