Tumempeleka Stima kwa Dada Yake

Baba Tusekile,

Sisi huku tupo. Mvua zilichelewa lakini maharage yameota vizuri, na Tusekile amejifungua mtoto wa kiume, amempa jina lako. Kibanda chako cha viatu pale Mwanjelwa nimempangisha fundi saa mmoja, mtu mtulivu, hafungulii redio. Sukari bado ni ya foleni. Hayo ndiyo ya nyumbani. Ninalotaka kukueleza hasa ni habari ya Stima, kwa sababu wewe ndiye uliyeianza kazi ile, ukaondoka ikiwa katikati.

Unajua mimi mpira siujui. Miaka yote tuliyokaa pamoja nilichojua ni kwamba Jumapili jioni mume wangu atarudi sauti imekauka, ama kwa furaha ama kwa hasira, na mimi nitachemsha maji ya tangawizi. Stima kwangu alikuwa Petro Kalolo, Mhehe mrefu aliyekuja kushonesha viatu vyake vya mpira kwako, na hata alipoacha kucheza akawa anakuja tu kukaa. Kwamba watu wazima walikuwa wakiimba jina lake uwanjani, hilo nililipata kwako.

Alipoanguka kwa kiharusi ulisema, "Hana mke hapa, hana mtoto. Ana sisi." Ukawakusanya mashabiki wenzako, mkaanza mchango wa kumtunza: dawa, chakula, kodi ya chumba. Watu walitoa, siwezi kusema hawakutoa. Ila wa kumwogesha hakupatikana, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda ulikwenda wewe. Ulikuwa unarudi mikono inanuka sabuni ya mche.

Halafu kifua kikakushika wewe, na sisi tukakuzika.

Matanga yalipokwisha, mwenyekiti wa mashabiki, Mwakalobo, alikuja nyumbani. Akavua kofia, akasema, "Mama Tusekile, pole sana. Mchango unaendelea kama alivyouacha marehemu. Sasa tunaomba utusaidie kumwangalia mzee."

Nikamwuliza, "Kumwangalia vipi?"

Akaigeuzageuza kofia mkononi. Nikaelewa.

Kumwogesha alikubali mdogo wako Lugano. Mimi nikachukua uji, nguo na kufagia chumba. Sikuifanya kwa ajili ya mpira. Niliifanya kwa sababu ilikuwa kazi yako na hapakuwa na mtu mwingine.

Stima alikuwa haongei. Sauti alikuwa anatoa, tena nyingi, hasa asubuhi, macho yakiwa mlangoni. Lakini mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili. Lugano alisema akili imekwisha, umebaki mwili tu. Nikaamini. Tukawa tunaongea juu ya kichwa chake kama mtu anavyoongea mbele ya gunia la mchele. Kwamba umekufa hatukumwambia. Ningemwambiaje mtu ambaye haelewi?

Ikafika wakati mchango ukalegea. Ndipo timu ya Iringa ikaja kucheza na yenu, na Mwakalobo akapata wazo. Alisema watu wakimwona Stima kwa macho yao watatoa. Wakamvalisha jezi ya zamani, wakamweka kwenye kiti pembeni mwa uwanja, karibu na mstari wa chaki. Nilikwenda kwa sababu sikutaka aende bila mtu wa kumfuta mdomo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia uwanjani.

Baba Tusekile, baridi ya siku ile unaijua, ile ya Juni inayoshuka kutoka mlima Loleza na upepo wa vumbi. Mwakalobo alishika kipaza sauti akalitaja jina, na watu wote wakasimama. Nilisikia kitu ambacho ulijaribu kunieleza miaka mingi, sauti ya watu wengi kwa mara moja. Sitasema haikunigusa. Vijana wanne wakashika shuka pembe zote nne, wakazunguka nayo uwanja mzima, na watu wakitupia hela. Nyingine zilimpiga Stima magotini. Alikuwa anatoa sauti zake, na Mwakalobo akatangaza, "Mnamsikia? Anawashukuru!"

Nilipotazama chini nikaona suruali imelowa. Nikafungua kanga yangu ya juu nikamfunika mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja, lile zima.

Hapo akaja mzee mmoja kutoka upande wa wageni, mnene, koti zito mpaka magotini. Anaitwa Kihwele, zamani alikuwa golikipa wa Iringa. Alikuwa anacheka. "Huyu bwana alinifunga mimi mpaka mke wangu akanionea aibu," akaniambia. Kisha akainama, akamshika mkono ule mzima, akamsalimia, "Kamwene, Petro."

Stima akaitikia.

Kihwele akaacha kucheka. Akapiga goti pale kwenye vumbi, akasogeza sikio. Stima akasema, yeye akajibu, Stima akasema tena. Kwa muda mrefu. Mimi nimesimama hapo, nashika kanga isipeperuke.

"Mama," Kihwele akaniuliza, "kumbe huyu mnasema haongei?"

"Haongei."

"Anaongea Kihehe. Ulimi mzito, lakini ni Kihehe kitupu. Kiswahili kimempotea mdomoni, hiki cha mama yake kimebaki."

Nikamwuliza anasema nini. Akasema, "Anasema miguu inamwuma kwa baridi. Anasema anataka kwenda kwa dada yake, kijijini Kalenga, huko kwetu Iringa." Akamsikiliza tena, kisha akanitazama kwa shida. "Na anauliza, fundi aliyekuwa anamwogesha yuko wapi? Anasema ameuliza kila siku, hajibiwi. Anauliza kama fundi amemchoka."

Mpira ulikuwa umeanza, watu wanapiga kelele, na mimi... Baba Tusekile, nilikuzika bila kuanguka, unajua, watu walinisifu. Pale nilikaa chini kwenye vumbi na kanga moja.

Mwishowe nikasema, "Mwambie amekufa. Mwambie hakumchoka."

Kihwele akamwambia. Stima alifumba macho. Alipoyafumbua alinitafuta mimi, akasema neno, na hilo halikuhitaji mkalimani. Alikuwa ananipa pole. Baada ya miezi yote ile, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kunipa pole, kwa sababu sisi tulimnyima habari.

Jioni Mwakalobo alikuja chumbani amefurahi. Mchango ulikuwa umepatikana vizuri, na alitaka kiti kirudi uwanjani kila mechi kubwa. Habari ya Iringa hakutaka kuisikia. "Stima ni wetu," alisema. "Jina lake amelipatia hapa Mbeya. Iringa walimpa nini?"

"Mwenyekiti," nikamwambia, "umemwuliza mwenyewe?"

"Mama, mashabiki watasemaje?"

"Watasema wanachotaka. Kwenye kile kiti harudi. Ukitaka kumbeba, utanibeba na mimi."

Lugano alisimama mlangoni, na unajua Lugano alivyo mpana. Mwakalobo akaondoka bila kuaga. Siku kadhaa sokoni walinipita kama hawanijui, baadhi ya wenzako, hata wale waliokula kwako. Mmoja alisema nimemuuza Stima kwa wageni. Nikaendelea kuuza ndizi zangu.

Kihwele alirudi kwao, akapeleka habari Kalenga, dada yake Stima akatuma jibu: mleteni. Alikuwa ameambiwa tangu mwanzo kwamba kaka yake yuko mikononi mwa timu kubwa na hakosi kitu, naye akaona akija atawakosea heshima wanaomtunza. Lugano alimpandisha kwenye basi mgongoni, nikakaa naye hadi Iringa, nimemfunga blanketi. Makambako upepo uliingia kwa kila dirisha, naye akawa anatazama nje na kutaja vitu. Sikuvielewa, lakini safari hii niliitikia kila kimoja.

Dada yake anaitwa Agnesi, mzee kuliko yeye, mfupi, na mkali. Alimtazama kaka yake, akamkemea kwa Kihehe kwa muda mrefu, kisha akamkalisha jikoni karibu na moto. Mashabiki wa Iringa, wale wale aliowaliza miaka yote, wamepanga zamu. Mmoja analeta kuni, mwingine maziwa. Kihwele anakuja kumnyoa, na wanagombana kuhusu goli fulani la zamani kama liliingia au halikuingia.

Mwakalobo alikaa na hasira yake kwa muda. Kisha nikasikia amepakia godoro jipya juu ya lori la mbao, amekwenda nalo Iringa mwenyewe. Aliporudi alipitia sokoni kwenye ndizi zangu, akavua kofia ile ile. "Anaongea, Mama Tusekile," alisema. "Anaongea mpaka unachoka." Akanunua mkungu mzima wa ndizi ambao hakuuhitaji. Mchango sasa unakwenda Kalenga, anaupeleka yeye.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Baadhi ya wenzako bado wamenuna, watazoea.

Kaburi lako tumelijengea, na Lugano amepanda maua ambayo mbuzi hawayali. Lala salama, baba. Mimi nina afya. Tukivuna maharage nitapanda basi tena niende Kalenga na debe moja. Agnesi amenifundisha maneno machache ya Kihehe, na muuza viazi jirani yangu sokoni, ambaye sikujua kuwa ni Mhehe mpaka nilipouliza, ananiongezea mengine kila siku. Nakuahidi nitajifunza mpaka nitoshe. Zile asubuhi zenu wawili, wewe na Stima, hakuna mwingine aliyekuwepo ndani ya chumba kile. Nataka kukaa naye, nimwulize mwenyewe, bila mtu katikati, ulikuwa unamwambia nini.

Mimi mke wako,
Mama Tusekile