Usiizime Friji kwa Ajili Yangu

Karakana ya Mafriji,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Profesa,

Kwanza ujue kwamba umeandikiwa na mtu ambaye, kama haki ingekuwepo duniani, jina lake lingetajwa kabla ya lako katika huo utafiti wa kompyuta za kwantamu. Nani alikufundisha baridi? Mimi. Wengine walikuja na vyeti, mimi nilikuja na bisibisi.

Haya, salamu sasa. U mzima? Kifua kimepona? Unakula, au bado unasahau mpaka chai inapoa? Mimi mzima kama chuma, ila goti hulalamika nikiinama.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Unasema mama yako kakuambia nimekonda na nakaa peke yangu, na sasa unataka kuiacha maabara uliyopewa, uzime friji yako kubwa, urudi nyumbani moja kwa moja. Mama yako ni dada yangu na nampenda, lakini tangu ahamie kwa kaka yako anatafuta tu la kusema.

Miaka yote hii umekuwa ukinieleza kazi yako, nami nikijifanya naelewa upesi. Kwamba ukizipoza zile sakiti zako mpaka baridi ipite ile iliyoko kati ya nyota, umeme hupita humo bila kupotea hata chembe. Na kwamba kidude chenyewe huweza kuwa ndiyo na hapana kwa pamoja, mpaka mtu akipime. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Marehemu mkaza-mjomba wako ukimuuliza kama amekasirika alikuwa hivyohivyo, na ole wako umpime.

Juzi nililieleza hilo kwa kinyozi mpaka wembe ukasimama hewani. Fundi viatu, yule mchokozi, akadakia, "Sasa hiyo friji ya mpwa wako inagandisha nini, samaki?"

"Inagandisha umeme, we!"

"Basi mwambie agandishe na mdomo wako."

Nikawaambia kuna serikali tatu hazifungui friji bila kunipigia simu. Walicheka sana, nami nikacheka, kisha kila mtu akaenda kwake.

Unakumbuka joto la friji yako lilipokataa kushuka, nikakuandikia ukague mpira wa mlango? Ukanijibu kwa adabu kwamba friji yako haina mlango. Basi hapa mtaani watu wanajua mliukagua, mkaukuta umepasuka. Usije ukaniumbua.

Lakini la maana ni hili. Umeandika mwenyewe kwamba sakiti mpya imeshikilia hali yake muda mrefu kuliko zote ulizowahi kutengeneza. Ujana wako umeishia humo. Nimekuona ukikosa harusi, ukikosa hata maziko ya mkaza-mjomba wako, kwa sababu friji ilikuwa imeanza kushuka joto na haiachwi. Sikununa. Fundi anamjua fundi. Ukiizima sasa joto litaingia, na atakayekuja kuiwasha hatajua ulikuwa unatafuta nini.

Kwa hiyo usirudi. Njoo unisalimie siku ukipata nafasi, ule, ulale, uende zako. Mimi kazi zimenizidi, na wageni hapa hawakauki. Wengine nawafukuza ili nipumue.

Nisalimie wenzako wa maabara, hasa yule mama wa mitungi ya gesi. Nikiongea na mama yako na kaka yako nitawapa salamu zako, na wifi yako nitamwambia unamkumbuka hata kama umesahau. Mungu akulinde na upweke wa huko, na mikono yako isitetemeke.

Nilikuwa nifunge bahasha hapa. Ila mama yako hakusema uongo wote, na hao wageni nimewatia chumvi. Ile video ya mhadhara wako uliyonitumia, huiwasha kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya maji ninapokula, ili pawe na mtu anayeongea. Lugha yenyewe siijui. Lakini nimeshajua pale mwishoni unapouliza kama kuna mwenye swali, kwa sababu watu hunyoosha mikono.

Nami hunyoosha.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye ukiwa karibu na ukiwa mbali,
Fundi Baridi