Kiti cha Baba Rehema

Jumatatu, 3 Mei 1993
Nimerudi kutoka kuwatazama wanawake niliowazalisha Shika Adabu, wote salama. Kiuno hakina raha. Baiskeli hii kiti chake kiko juu, kimo cha mume wangu Bakari, nami nakanyaga pedali kwa ncha za vidole. Paipu ya kiti imeshika kutu ndani ya fremu, haipandi, haishuki. Nimechoka hata kula sitaki.

Jumatano, 5 Mei
Nimeanguka. Niliitwa Mtongwe alfajiri, kwa Mwanasha, mimba ya kwanza. Buibui nimelikunja kiunoni, mkoba wa ukunga nyuma kwenye keria. Mteremko umelowa mvua. Baiskeli ikateleza, nikatafuta ardhi kwa mguu, ardhi iko mbali. Goti limechanika. Nilikokota baiskeli hadi mwisho.
Nilipofika mtoto alikuwa ameshatoka. Kitovu shingoni, rangi ya buluu. Mama mkwe wa Mwanasha amesimama tu, mikono kichwani. Nilikifungua, nikamfyonza makamasi, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikasugua tena. Mwisho akalia.
Wote wakacheka. Mimi nilitoka nje nikatapika.

Alhamisi, 6 Mei
Nimemwambia Bakari paipu ikatwe.
"Ikikatwa mimi nitaendeshaje, Mama Rehema? Magoti yatanigonga kidevu."
Ni mrefu, kweli. Na kila siku avuke feri, apande hadi kiwandani Changamwe. Lakini nilikuwa na hasira.
"Mtoto wa watu nusura afe, Baba Rehema."
"Hakufa, alhamdulillahi. Basi."
Hiyo basi yake imenichoma. Tumelala tumepeana migongo.

Jumamosi, 8 Mei
Bakari amepata lifti kwenda kazini. Nikaona ndiyo nafasi. Nimeipeleka baiskeli kwa fundi Juma, karibu na soko, bila kumwambia. Fundi alimimina dizeli kulegeza kutu, akangoja, akabana kiti kwenye jiriwa, akazungusha fremu. Paipu ikakatika. Kipande kimebaki ndani, baiskeli nimeiacha kwake.
Sasa hatuna baiskeli kabisa.
Bakari aliporudi nilimweleza mwenyewe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumanne, 11 Mei
Anatoka gizani kwenda feri kwa miguu. Tunasalimiana, tunapeana chai. Si zaidi.
Mchana nimeitwa tena Mtongwe. Mvua. Nimekwenda kwa miguu, goti limevimba. Nilimkuta mama bado yumo katika uchungu, kwa bahati tu. Mtoto wa kiume, mzima. Njiani kurudi nilikaa kwenye jiwe nikawaza kuacha ukunga. Niuze maandazi, nikae nyumbani kwangu. Wallahi niliwaza.

Alhamisi, 13 Mei
Bakari amechelewa. Nilidhani ana zamu ya ziada. Akaingia uani anasukuma baiskeli.
Kumbe alipitia kwa fundi. Wamekitoa kile kipande kwa msumeno wa chuma, wakatia paipu ndefu ya baiskeli ya maunteni iliyovunjika fremu. Ilikuwa nyembamba, fundi akaizungushia bati la kopo. Pale inapobanwa kuna mkono mdogo na springi. Ukiufungua, kiti kinashuka ukikikalia. Ukiinuka, springi inakisukuma juu. Ukiufunga, kimetulia.
"Mama Rehema."
"Abee."
"Panda."
Nikapanda. Miguu yote miwili chini. Akashika usukani kama mimi ndiye ninayejifunza.
"Nilipita kwa Mwanasha," akasema. "Nimemwona yule mtoto."
Nililia, nikamwambia ni goti.

Jumapili, 16 Mei
Nimeitwa Mtongwe baada ya swala ya alfajiri. Juu ya mteremko nilisimama, nikashusha kiti mpaka mwisho. Nilishuka polepole, nyayo zikikwaruza tope. Watu waliokuwa wakienda shambani walinitazama. Nimewaamkia, wakaitikia. Chini nikakipandisha hadi kimo changu, nikaendelea.
Nilifika mapema, maji yalikuwa hata hayajachemka. Mtoto wa kike, amelia mara moja. Nimemwacha ananyonya.
Nyumbani Bakari amelala, zamu yake leo ni ya mchana. Mwili wangu wote unauma. Nimepangusa tope kwenye mnyororo, nikakipandisha kiti hadi kimo cha Bakari. Kisha nikaweka maji ya chai.